Mita Tatu za Kebo

Mara ya kwanza kebo ilipojivuta, Yunus alidhani ni mbuzi. Ilikuwa mwezi wa nne, na kwenye mteremko ule wa Kadutu, mjini Bukavu, mbuzi hufungwa popote penye kitu cha kufungia: kwenye mgomba, kwenye nguzo ya choo, kwenye kebo ya kampuni ya simu. Alishuka ngazi za udongo kutoka barabara ya juu, begi la vifaa begani, akiwa amekwisha kupanga matusi ya kumpa mwenye mbuzi. Hakukuta mbuzi wala kamba ya mbuzi. Alikuta kebo tu, nyeusi, nene kama kidole gumba, imekaza kutoka shimo la kando ya barabara hadi ukutani kwa dada yake.

Dada huyo aliitwa Asumini, mjane wa miaka hamsini na minane, mwuza vitenge wa soko la Kadutu, mzaliwa wa Uvira kama mdogo wake. Juu ya paa lake ndiko kampuni ilikoweka mtambo mpya, na aliyelipendekeza paa lile ni Yunus mwenyewe. Bonde lote lile lilikuwa halina mtandao. Minara ya vilima vingine ilikuwa ikilirukia, na watu wa pale walikuwa wakipata habari ya msiba baada ya mazishi. Asumini alikubali kwa sababu mdogo wake aliomba, na katika familia ile mtu hakuombwa mara mbili.

Mtambo ulikuwa na njia mbili za kupeleka sauti za watu. Ya kwanza ilikuwa uzi wa kioo ulio ndani ya kebo ile, ule ambao mafundi wa Bukavu wote wanauita fibre, unaobeba mwanga. Ya pili ilikuwa redio ya masafa ya juu sana: sahani ndogo juu ya paa la Asumini, iliyotazamana na sahani mwenzake juu ya paa la ofisi kule Nguba, kando ya ziwa. Fibre haijali mvua, ila inaogopa sururu. Redio haijali sururu, ila mvua kubwa huimeza mawimbi yake hewani kabla hayajafika. Kwa hiyo moja ikianguka, nyingine inabeba, na mwenye simu yake mkononi hajui kama kuna lililotokea.

"Yunus, hii système haiwezi kunyamaza," alikuwa akisema ingénieur Ghislaine, mkuu wake wa kazi. "Ikikatika huku, inapita kule." Yunus alimwamini, na zaidi ya kumwamini alijivunia, kwa sababu waya ule aliuunga kwa mikono yake.

Basi siku ile ya mwezi wa nne alifanya anachofanya fundi yeyote wa fibre. Ndani ya shimo la kando ya barabara, chini ya mfuniko wa zege, mafundi huacha akiba: kebo iliyokunjwa mviringo, mita tano au sita, ili siku ya shida pawe na pa kuvutia. Yunus alifunua mfuniko, akalegeza kibano, akaitoa sentimita arobaini. Kebo ikapumua. Mashine yake ya kupimia, ile inayopiga mwanga ndani ya uzi na kuonyesha umebanwa mita ya ngapi, ikasema kila kitu ni kizuri. Akapangusa mikono, akaingia kwa dada yake kula sombe, mboga ya majani ya muhogo.

Wiki ile ile redio nayo ikadhoofu. Mwale wa redio ya namna ile ni mwembamba. Sahani ikisogea kidogo tu, kama unavyozungusha ufunguo mlangoni, mwale unakosa paa la Nguba na kwenda kupotelea ziwani. Yunus akapanda juu ya paa, akaulaumu upepo, akageuza skrubu mpaka Nguba ikaitika.

Kiangazi kilipoingia vyote viwili vikatulia, naye akajipongeza. Mvua za mwezi wa tisa zikarudi, na kebo ikaanza tena. Akatoa sentimita thelathini. Akatoa hamsini. Akapanda paa, akageuza skrubu. Wiki hii hivi, wiki ijayo vivyo hivyo. Alikuwa akiwahi hata kabla Ghislaine hajapiga simu, na mwisho wa mwezi akasifiwa mbele ya wenzake wote. Ningependa kusema alikuwa mvivu, maana mvivu angeiacha ile kebo ikatike, watu wakauliza kulikoni, na hadithi hii nisingekuwa nayo. Lakini Yunus alikuwa fundi hodari, mwenye kupenda kazi yake.

Mwezi wa kumi alifunua mfuniko wa shimo, akashangaa. Akiba aliyoiacha ya mita tano ilibaki mita mbili. Alijua kwamba amekuwa akiitoa, ila kidogo kidogo haikumwingia akilini kuwa imefika kote huko. Mita tatu nzima! Kebo haiyeyuki. Akainua macho, akaona saruji mbichi.

Mbele ya shimo, pale ngazi zinapokutana na barabara, palikuwa na vipandio viwili vipya. Aliyevijenga alikuwa Delphin, mwashi aliyekaa nyumba mbili chini ya Asumini, mtu mwembamba asiyevua kofia. Mvua ilikuwa imefungua ufa kati ya barabara na ngazi, akina mama wenye mizigo walikuwa wanaruka, na Delphin akaona heri aupige zege bila kuombwa. Kebo ilipita sentimita chache kutoka kwenye zege lake. Yunus hakuhitaji zaidi ya hapo.

"Ni weye njo unavuta câble yetu," alimwambia mbele ya watu. "Unachimba, unaivuta, unaifukia mu béton yako."

"Miye? Niivute niipeleke wapi? Niipike?"

"Mu shimo mulikuwa mita tano. Sasa iko mbili."

"Basi uliza shimo."

Watu wakacheka, na kicheko kile ndicho kilichomchoma Yunus. Akapeleka maneno kwa Papa Barthélemy, chef wa avenue, yaani mkuu wa mtaa. Barthélemy alikuwa mzee mpole aliyechukia kelele kuliko alivyochukia uongo, na kesi zote alizimaliza kwa njia moja: anamtazama aliye mdogo kati ya wawili, anamwambia aombe radhi. Safari hii mdogo alikuwa mwashi, kwa kuwa mwenzake alikuwa na kampuni nyuma yake.

"Delphin, omba pardon, mambo iishe," alisema. "Kampuni ikikasirika itaondoa antenne, na tutarudi mu giza yetu ya zamani."

Delphin akaangalia huku na huku kutafuta atakayesema neno. Hakuna aliyesema. Akaomba radhi kwa kosa ambalo hakulifanya, mbele ya mke wake na watoto wake, na siku hiyo ndipo watu walipomwona akivua kofia. Yunus akampa mkono, akajiona muungwana kwelikweli.

Asubuhi iliyofuata kebo ilikuwa imekaza tena.

Safari hii hakugusa kibano. Alipanda kwanza juu ya paa, akakuta sahani nayo imekengeuka. Akaketi juu ya mabati, akatoa daftari la kazi, akazisoma kurasa zake mwenyewe. Tarehe aliyotoa kebo, siku mbili baadaye ameinyanyua sahani. Tarehe nyingine, vivyo hivyo. Na kila mara skrubu ameigeuza upande ule ule mmoja, kuelekea juu, hata mara moja hakuirudisha. Upepo hauna tabia hiyo. Upepo ungeipeleka sahani leo kushoto, kesho kulia. Sahani hii ilikuwa inainama, siku zote inainama, kuelekea bondeni.

Akashuka, akamwita dada yake amshikie ncha ya utepe wa kupimia ukutani, naye akapanda nao hadi shimo la barabara. Ramani ya kampuni ya mwezi wa pili ilisema mita arobaini na tatu. Utepe ulisema arobaini na sita. Akapima mara ya pili, na ya tatu, utepe ukilia kwenye upepo.

"Iko nini?" Asumini aliuliza kutoka chini.

"Nyumba iko natembea, yaya," alisema, kwa neno la kwao la kumwita dada mkubwa.

"Itembee iende wapi?"

Yunus aliutazama mteremko wote, mabati hadi mabati, akaelewa kwamba wote ulikuwa ukishuka. Ndiyo maana hakuna aliyeona kitu. Choo kilishuka pamoja na nyumba, mgomba pamoja na choo, ukuta wa jirani pamoja na mgomba, na kila mtu aliamka akamkuta mwenzake palepale alipomwacha jana. Barabara peke yake ndiyo iliyobaki nyuma, na pale ilipoachana na mlima, Delphin alipaziba kwa vipandio viwili. Kebo ilikuwa ikisema. Sahani ilikuwa ikisema. Na yeye, kila wiki, kwa vifaa vyake vizuri vya Ulaya, alipita akivinyamazisha vyote viwili. Yunus aliona aibu, na chini ya aibu alikuwa na hofu ambayo hakuwahi kuijua.

Ghislaine, haki yake apewe, hakumcheka. Aliandika barua siku hiyo hiyo kwa wakubwa wa mji, akaambatanisha vipimo. Barua ikapokelewa, ikapigwa muhuri, na habari yake ikaishia hapo. Kisha akamgeukia Yunus.

"Na câble? Weka akiba mupya, mita kumi. Kama mulima iko natembea, câble itembee nayo. Hatuwezi kuacha batu bote bale bila réseau, bila mtandao, zaidi sasa."

"Ndiyo, ingénieur," alijibu Yunus, na hakuiweka.

Alikuwa na sababu, na sababu yenyewe ilikuwa na akili, ndiyo maana inaniuma kuisimulia. Akiba ndiyo iliyompofusha miezi saba. Akiongeza mita kumi, mlima utakuwa na mita kumi za kutembea kimyakimya, na skrini ya Nguba itaendelea kusema kila kitu ni kizuri. Basi alifanya kinyume. Alikaza kebo ikawa kama uzi wa gitaa, akaifunga kwa kibano cha chuma pande zote mbili, akaiwekea skrini ya ofisi ipime kila dakika mwanga unaopotea njiani. Mlima ukisogea hata kwa upana wa vidole vinne, namba itapanda, naye ataona. Hakumwambia mtu kwamba mita kumi hazipo.

Jioni akakusanya watu wa avenue uwanjani, akawaeleza habari za mlima na za skrini ya Nguba. Walimsikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha Delphin akasema, kofia yake kichwani:

"Juzi mwizi wa câble nilikuwa miye. Leo mwizi njo mulima. Kesho utamukamata nani?"

Kicheko kikalipuka. Mwanamke mmoja akapaza sauti kwamba kampuni inataka viwanja vyao ijenge minara, ndiyo maana imeleta hadithi ya mlima. Papa Barthélemy akasema nyufa hizi amezikuta, kila kiangazi wanazipaka udongo, na hakuna aliyekufa kwa ufa. Yunus akajaribu kumwomba Delphin msamaha palepale. Delphin akasema ameusikia, akaenda zake nyumbani, na wengine wakamfuata. Mtu mmoja tu pale mtaani ndiye aliyejua kusoma ukuta na zege, na Yunus alikuwa amemfanya adui.

Akabaki na dada yake. Alimfuata ndani, akapiga magoti kwenye mkeka kama mtoto.

"Yaya, twende kwangu. Leo."

Asumini alikuwa anakunja vitenge vya kupeleka sokoni kesho. Hakuacha kukunja.

"Mu Uvira balitutoa mara mbili," alisema. "'Toka, toka, hatari inakuja.' Mara ya kwanza nilirudi nikakuta bezi babeba mpaka mulango. Mara ya pili babeba na fremu ya mulango. Hatari haikufika kwangu hata siku moja. Miye sitoki tena juu ya 'pengine'."

"Hii haiko pengine."

"Itakuwa leo?"

Yunus akauangalia mkeka.

"Kesho?"

"Siko najua, yaya."

"Basi njo pengine." Akaweka kitenge juu ya vingine, akakipiga kofi kikalala sawasawa. Kisha, kwa kuwa alimpenda mdogo wake na aliona macho yake, akalegea. "Ile machine yako ya Nguba itaona?"

"Itaona. Itaona haraka kupita macho ya mutu yote."

"Basi ikiona, uniite ku téléphone. Saa ile ile nitatoka. Hata bila viatu, hata nikiwa mu sala. Lakini bila weye kuniita, sitoki."

Yunus alishusha pumzi. Lilikuwa jambo kubwa, zaidi ya alilolitegemea. Lakini alikumbuka kicheko cha uwanjani, akawaona majirani wakija kesho na keshokutwa kumwambia dada yake kwamba mdogo wake amechanganyikiwa, kwamba simu ikiita aipuuze. Akaushika mkono wake.

"Usisikilize mutu mwengine, yaya. Wakuambie toka, wakuambie kaa, usisikilize. Ungojee miye tu. Kula kiapo."

"Nakula kiapo," alisema Asumini, na akala kwa jina la Mwenyezi Mungu, mkono kichwani.

Zilipita siku kumi na mbili. Kila asubuhi Yunus alimpigia dada yake kuangalia kama simu ina moto wa chaji, na kila asubuhi Asumini alimwambia kwamba hata mume wake marehemu hakumsumbua hivi. Sokoni alikwenda nayo imefungwa kwenye pindo la kitenge. Usiku aliilaza kando ya mto.

Siku ya kumi na tatu, Alhamisi, wingu lilikuja kutoka upande wa Kabare, jeusi, na mji ukawasha taa saa mbili asubuhi. Asumini hakwenda sokoni. Yunus alisimama mlangoni pa nyumba yake mwenyewe, koti la mvua mkononi, akijiuliza aende wapi. Moyo ulimwambia aende Kadutu akakae na dada yake. Akili ikamwambia Kadutu ataona kwa macho ya binadamu, ambayo miezi saba hayakuona kitu, na Nguba kuna skrini inayoona sentimita. Akaenda Nguba.

"Téléphone iko mu mukono?" alimuuliza dada yake kwa simu akiwa njiani.

"Iko mu mukono. Iko na moto. Na miye niko na chai, uniache ninywe."

Mvua ilianza saa mbili na nusu, ikateremka kwa namna ambayo kutoka dirisha la ofisi hukuweza kuliona ziwa, ambalo liko hatua mia tu. Saa tatu na dakika ishirini mstari wa redio ya Kadutu ukageuka mwekundu.

"Mvula imekula redio," alisema Ghislaine bila wasiwasi, kwani ilikuwa kawaida. "Haina shida. Fibre inabeba."

Yunus hakuondoa macho kwenye mstari wa pili, ule wa fibre, uliokuwa kijani. Saa tatu na dakika arobaini na saba namba ya chini yake ilipanda kidogo. Alidhani ni macho yake. Dakika iliyofuata ikapanda tena, na iliyofuata ikaruka.

Alikuwa na simu mkononi. Jina la dada yake lilikuwa la kwanza kabisa. Alibonyeza, akaiweka sikioni, na macho yake bado yakiwa kwenye skrini aliuona mstari wa kijani ukianguka hadi chini na kulala kimya.

"Nambari unayoita haipatikani kwa sasa," alisema yule mwanamke wa kwenye simu, ambaye hana haraka kamwe.

Akapiga tena. Haipatikani. Akapiga tena.

"Haiwezekani," Ghislaine alikuwa amesimama. "Zote mbili? Mulima ikisogea, câble iko na mita kumi ya kuvuta. Ingebeba bado. Yunus? Ile mita kumi?"

"Sikuiweka."

"Namna gani?"

"Niliikaza, ingénieur. Niliikaza ili tuone." Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeeleza jambo kwa mara ya kwanza kwa nafsi yake. "Tumeona."

Alikwisha kutoka kabla hajajibiwa. Mwenye pikipiki aliyejikinga chini ya baraza alikataa, kisha akamtazama usoni, akakubali. Barabara za Bukavu zilikuwa mito ya matope mekundu. Walipita Place de l'Indépendance maji yakigonga miguu, pikipiki ikazimika, ikawaka tena, wakaanza kupanda Kadutu katikati ya taka na mawe yaliyokuwa yakishuka. Mkono mmoja Yunus alimshika dereva, na mkono mwingine ulikuwa unabonyeza jina lile lile. Alijua fika kwamba haliwezi kupita. Yeye kuliko mtu yeyote mjini alijua hakuna njia ya kupitia, fibre imekatika na redio imezama, na bado alibonyeza.

Alipofika juu mvua ilikuwa imepungua. Barabarani walisimama watu wa avenue nzima, wamelowa chapa chapa, wamekumbatia magodoro na watoto na sufuria. Papa Barthélemy alikuwa ameketi juu ya jiwe bila kiatu kimoja. Yunus alifurahi kuwaona, furaha ya kweli iliyomfanya atake kucheka. Akaanza kutafuta kati yao kitenge cha dada yake. Kisha akatazama chini. Ngazi ziliishia kwenye vipandio viwili vipya vya zege. Baada ya hapo palikuwa na udongo mbichi tu, mwekundu, mpaka bondeni.

Delphin alikuja kusimama mbele yake. Kofia ilikuwa imepotea.

"Milango ilikataa kufunguka," alisema. "Asubuhi, ku nyumba yangu, alafu ku nyumba ya jirani. Miye niko maçon, mulango ikikataa vile najua ukuta iko natembea. Nilipiga makelele, batu bakatoka. Bote batoka, hata mbuzi."

"Yaya wangu?"

Watu waliokuwa karibu wakageuza nyuso.

"Nilimubishia hodi mara mbili. Nilimushika mukono, nikamuvuta. Akaniambia, 'Yunus amenikataza kusikiliza mutu mwengine. Ataniita, na hapo nitatoka.' Nikamwambia réseau imekufa, mama, hawezi kukuita. Akasema alikula kiapo." Delphin akafuta maji usoni, ya mvua au ya macho. "Nikaona ukuta inaanza kuongea. Niko na watoto. Nikapanda."

"Saa ile ile nyumba ikaanguka?"

Kwa maisha yake yote yaliyobaki Yunus atajuta kwa nini aliuliza.

"Hapana. Ilisimama robo saa nzima. Tulikuwa bote hapa juu tunamuita, mvula inakula sauti. Tulikuwa tunamuona ku barza. Alikuwa amebeba viatu mu mukono, tayari. Na mukono mwengine alikuwa anainua téléphone juu, anageuka huku, anageuka huku, anatafuta réseau."

Yunus akaketi kwenye matope. Akatoa simu yake, akabonyeza jina, akaiweka sikioni, akasikiliza sentensi yote hadi mwisho, akabonyeza tena. Hakuna aliyemzuia. Mara ya nne, au ya tano, Delphin akainama, akaichukua simu ile polepole kutoka kwenye vidole vyake, akaitia mfukoni mwa shati lake mwenyewe. Kisha akampa sepeto, na wakashuka pamoja.